Likizo ya karibu: lini inapunguza uchafuzi kweli, na lini ni jina tu

Kila msimu wa likizo ukikaribia, ushauri uleule hurudi: pumzika karibu na nyumbani, achana na ndege, utakuwa umeyatunza mazingira. Ushauri huo ni mzuri, ila hutolewa nusu. Watu huambiwa "karibu" bila kuambiwa karibu kiasi gani, kwa chombo gani na kwa siku ngapi. Ndipo unapomkuta mtu anaendesha gari kubwa peke yake mamia ya kilomita akiamini hana deni kwa kuwa hakuvuka mpaka. Mwingine anaruka nusu ya dunia, akifika anatumia taulo moja siku tatu na kuona amesawazisha hesabu. Na yupo anayejilaumu kwa kupanda basi kwenda kuwaona wazazi wake, safari isiyostahili lawama hata kidogo.

Tuanze na maana za maneno. Gesijoto ni gesi zinazozuia joto la dunia lisitoke kwenda anga za juu. Iliyo maarufu zaidi ni hewa ukaa, itokayo pale mafuta, makaa ya mawe au kuni vinapoungua. Kwa kuwa gesi hizo ni za aina nyingi na hazilingani nguvu, wataalamu huzipima zote kwa kipimo kimoja, yaani uzito wa hewa ukaa wenye athari sawa. Kila unapoona kilo au tani hapa chini, ndicho kipimo hicho. Utalii endelevu ni neno pana zaidi. Ni safari ambayo hali ya hewa, mahali panapotembelewa na wenyeji wake wanaweza kuihimili mwaka baada ya mwaka bila kuchakaa.

Jambo moja huwashangaza wengi. Lita moja ya petroli ina uzito usiofika kilo moja, lakini ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Si kosa la hesabu. Kaboni iliyomo kwenye mafuta huchukua oksijeni kutoka hewani wakati wa kuungua, na sehemu kubwa ya uzito huo mpya ni oksijeni. Dizeli hutoa takriban kilo 2.7 kwa lita. Shika namba hizo mbili, utazihitaji.

Njia ya kufika ndiyo yenye uzito

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Climate Change yaliuweka utalii kwenye takriban asilimia 8 ya gesijoto zote zinazotokana na shughuli za binadamu. Humo mna usafiri, malazi, chakula na hata bidhaa ambazo wageni hununua. Lakini kwa mtu mmoja anayepanga likizo moja ya mbali, mgawanyo hauko sawa hata kidogo: safari ya kwenda na kurudi humeza karibu kila kitu.

Serikali ya Uingereza hutoa kila mwaka viwango vya kukadiria uchafuzi wa vyombo vya usafiri, na ni rahisi kuvitumia. Kwa viwango vya mwaka 2022, abiria mmoja wa daraja la kawaida kwenye ndege ya masafa marefu alihesabiwa takriban gramu 148 kwa kila kilomita. Ndege ya safari fupi za ndani ya nchi ilikuwa takriban gramu 246. Gari la petroli la ukubwa wa wastani lilikuwa takriban gramu 170, lakini hizo ni za gari zima, si za mtu mmoja. Treni ilikuwa 35 kwa kila abiria, na basi la masafa marefu 27.

Sasa fanya hesabu. Likizo iliyo umbali wa kilomita 6,000 ni kilomita 12,000 kwenda na kurudi. Kwa gramu 148, unapata karibu kilo 1,800, yaani tani moja na robo tatu na ushee, kwa mtu mmoja. Chukua likizo iliyo umbali wa kilomita 300, yaani 600 kwenda na kurudi. Kwa basi ni kilo 16, kwa treni ni 21. Kwa gari la petroli akiwa dereva peke yake ni kilo 102, na wakiwa wanne garini kila mmoja anabeba kilo 25 na nusu. Kwa ndege ya ndani ni karibu kilo 148.

Ukizitazama vizuri namba hizo zinasema mambo mawili, na la pili ndilo husahaulika. La kwanza ni dhahiri: kati ya likizo ya mbali kwa ndege na ya karibu kwa basi, tofauti ni zaidi ya mara mia moja. Hakuna taa utakayozima wala mrija wa plastiki utakaoukataa ukaziba pengo hilo. La pili ni kwamba ndani ya umbali uleule wa kilomita 300, chombo ulichochagua kinaweza kuzidisha uchafuzi mara sita hadi tisa. Kwa hiyo ukaribu una faida hasa kwa sababu unakufungulia mlango wa kutumia basi, treni au gari lililojaa watu. Ukiwa karibu kisha ukapanda ndege, au ukaendesha peke yako gari linalokunywa mafuta, sehemu kubwa ya faida hiyo umeiacha njiani.

Namba hizo ni za wastani wa nchi moja. Basi chakavu lenye viti vitupu litazidi hapo, gari jipya linaloenda mbali kwa lita chache litapungua. Kwa gari lako mwenyewe huna haja ya jedwali la mtu yeyote: jaza tangi hadi juu kabla ya kuondoka, jaza tena ukirudi, zidisha lita za safari kwa 2.3 kama ni petroli au 2.7 kama ni dizeli, kisha gawanya kwa idadi ya waliosafiri.

Kwa nini ndege fupi ndiyo mbaya zaidi kwa kila kilomita

Wengi hudhani ndege ikienda karibu, basi ni nafuu kwa mazingira. Kwa jumla ya safari ni kweli, kwani kilomita ni chache. Kwa kila kilomita ni kinyume chake. Fikiria mtu anayeendesha baiskeli yenye mzigo: jasho jingi humtoka akipanda mlima, si akiwa tambarare. Ndege nayo huunguza mafuta kwa kasi kubwa inapopaa na kupanda hadi kimo chake. Safari ndefu hulipa gharama hiyo mara moja kisha ikasonga saa nyingi kwa utulivu. Safari fupi hulipa gharama ileile na mara tu baada ya kufika juu inaanza kushuka. Hizo ndizo safari ambazo treni au basi la moja kwa moja linaweza kuzichukua. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia safari za ndege za ndani pale ambapo treni inamfikisha abiria chini ya saa mbili na nusu, na ilipoanza kutumika mwaka 2023 ilizigusa njia za kutoka uwanja wa Orly jijini Paris kwenda Nantes, Lyon na Bordeaux. Ni njia chache, ila mantiki yake ni sahihi.

Kuna pia suala la ile mistari myeupe ambayo ndege huacha nyuma yake. Si moshi. Ni mvuke wa maji ulioganda kuwa chembe za barafu kwenye hewa baridi na yenye unyevu, na ikitanda huzuia joto la dunia lisipotee. Usafiri wa ndege hutoa takriban asilimia 2.5 ya hewa ukaa yote duniani, lakini watafiti wa anga wanakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya joto ambalo ndege zimeongeza halikutokana na hewa ukaa, bali na mistari hiyo pamoja na gesi nyingine zinazotolewa huko juu. Ndiyo maana vikokotoo viwili vya safari ileile hukupa majibu tofauti: kimoja kimehesabu hewa ukaa peke yake, kingine kimejumlisha na athari za huko juu. Kabla ya kulinganisha, angalia kila kimoja kimehesabu nini.

Ukishafupisha safari, kitanda kinaanza kuwa na maana

Hapa ndipo ushauri wa kawaida hukosea kabisa. Kwa anayeruka kilomita 6,000, umeme wa chumba ni kitu kidogo. Kwa aliyefika kwa basi kwa kilo 16, chumba kinaweza kuipita safari yenyewe.

Chukua nyumba ya wageni isiyo na umeme wa gridi, inayotumia jenereta ya dizeli. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta ya kawaida hutoa takriban uniti tatu za umeme. Kiyoyozi kinachovuta wastani wa kilowati moja kwa saa tisa za usiku hutumia uniti tisa, yaani lita tatu, yaani kilo nane za hewa ukaa. Ukilala mara mbili tu, umefikia uchafuzi wa safari nzima ya basi. Ukikaa wiki, kiyoyozi kimoja kimetoa kilo 56, zaidi ya mara tatu ya nauli yako ya hewa ukaa.

Kwa hiyo likizo ya karibu ina maswali yake, na inafaa yaulizwe kwa simu kabla ya kulipa. Umeme unatoka wapi: gridi, jua au jenereta? Kama ni jenereta, inawashwa saa ngapi hadi saa ngapi? Chumba kina madirisha ya pande mbili na chandarua, ili upepo upite usiku bila kiyoyozi? Mahali pa baridi, swali linakuwa la kupasha joto: kwa kuni, gesi au umeme, na milango inaziba? Maji ya kuoga yanachemshwa na nini? Mwenyeji anayejua majibu haya bila kubabaika kwa kawaida ndiye anayeisimamia nyumba yake vizuri. Tangazo lenye picha ya jani la kijani halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Mambo yanayosemwa sana, na ukweli wake

"Ndege itaruka tu, niwemo nisiwemo." Ndege ya kesho, ndiyo, itaruka. Lakini mashirika ya ndege hupanga ratiba za msimu ujao kwa kutazama viti vilivyouzwa msimu uliopita. Njia isiyojaa hupunguziwa safari, hupewa ndege ndogo au hufutwa. Mwaka 2020 dunia iliona jambo hilo kwa ukubwa wake: abiria walipotoweka, ndege ziliegeshwa. Abiria mmoja ni sehemu ndogo ya uamuzi huo, lakini kila kiti kilichouzwa kiliingia kwenye hesabu.

"Nimelipia miti, kwa hiyo safari yangu haina uchafuzi." Dai hili linahitaji tahadhari kubwa. Hewa ukaa ya ndege inaingia angani ndani ya saa chache, wakati mti unahitaji miongo kadhaa kuinyonya, na katikati ya hapo unaweza kukatwa, kuungua au kukauka. Isitoshe, mara nyingi ni vigumu kuthibitisha kwamba miti hiyo isingepandwa, au msitu huo ungekatwa, kama wewe usingelipa. Machi 2024 mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba baadhi ya matangazo ya shirika la ndege la KLM kuhusu usafiri endelevu, yakiwemo yaliyogusa upandaji wa miti, yaliwapotosha wateja. Kuchangia upandaji wa miti ni jambo jema. Changia kama sadaka kwa msitu, usiuhesabu kuwa ufutio.

"Mafuta mapya ya ndege yatamaliza tatizo." Mafuta hayo yapo, hutengenezwa kwa mfano kutokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, na ndege zinaweza kuyatumia yakichanganywa na ya kawaida. Shida ni wingi. Mwaka 2024 hayakufika hata asilimia 1 ya mafuta yote ya ndege duniani, na Umoja wa Ulaya, uliopitisha sheria ya kuyalazimisha, ulianza na kiwango cha asilimia 2 tu mwaka 2025. Likizo yako ya mwaka huu haiwezi kuegemea hapo.

"Basi nitapanda meli ya kitalii." Meli hizo ni hoteli zinazotembea: zinaendesha mitambo, majiko, mabwawa ya kuogelea na viyoyozi kwa mafuta mchana na usiku, na abiria wengi hupanda ndege kwanza ili waifikie bandari. Si njia ya kuikwepa hesabu.

"Sote tunalaumiwa sawa." Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba mwaka 2018 ni takriban asilimia 11 tu ya watu duniani waliosafiri kwa ndege, na kwamba asilimia 1 ya watu wote walisababisha nusu ya hewa ukaa ya ndege za abiria. Mtu ambaye hajawahi kupanda ndege, au hupanda mara moja baada ya miaka mingi kwenda msibani au kumwona mtoto aliye ughaibuni, siye ambaye mjadala huu unamlenga. Unamlenga anayeruka mara tatu au nne kwa mwaka kwa mapumziko ya siku mbili tatu.

Namna ya kuchagua

Usianze na jina la mahali. Anza na saa. Jiulize basi, treni au feri vinakufikisha wapi ndani ya saa nne hadi sita kutoka mlangoni kwako. Chora duara hilo kwenye ramani. Kisha jiulize unatafuta nini hasa: maji ya kuogelea, baridi ya milimani, ukimya, historia, ndege na wanyama, au usingizi tu. Mara nyingi kitu hicho kimo ndani ya duara. Hakionekani kwa sababu matangazo hayakitaji, na kwa sababu watu hudhani wanapajua mahali ambapo wamepapita tu kwa gari.

Mipango mingi ya aina hii huvunjikia kwenye kilomita za mwisho. Basi linakushusha barabara kuu, mahali pa kulala pako kilomita 20 ndani, jua limezama, na unaishia kukodi gari zima kwa siku zote. Kabla ya kulipa, uliza kuna usafiri gani kutoka kituoni, mwisho ni saa ngapi, na kama mwenyeji anaweza kuja kukuchukua. Chagua basi linalofika angalau saa mbili kabla ya giza. Pia angalia kama vitu unavyotaka kufanya viko umbali wa kutembea. Likizo ambayo kila siku inahitaji kilomita 80 za gari kwenda na kurudi huongeza kilomita 560 kwa wiki, karibu sawa na safari ya kuja na kurudi nyumbani.

Kama lazima iwe gari, jaza viti kwanza. Hakuna hatua nyingine inayolingana na hiyo. Ya pili ni mwendo: nguvu ya upepo unaolizuia gari hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwa kilomita 120 kwa saa upepo huo ni karibu mara 1.8 ya ule wa kilomita 90, na injini inaushinda kwa mafuta. Ondoa fremu ya mizigo juu ya paa kama haina kitu, na pima upepo wa matairi yakiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ondoka katikati ya wiki ukiweza. Foleni ya kutoka mjini Ijumaa jioni ni mafuta yanayoungua bila kwenda popote.

Sehemu za karibu nazo zinachoka. Ufukwe wa Maya Bay nchini Thailand ulifungwa mwaka 2018 baada ya matumbawe yake kuharibiwa na wingi wa boti na wageni, na haukufunguliwa tena hadi Januari 2022. Ufukwe mdogo usio na mlinzi wala pipa la taka unaweza kuumia kwa umati mdogo zaidi, tena wa watu waliotoka mji wa jirani. Rudi na taka zako zote, lipa kiingilio hata kama unajua njia ya pembeni, na nenda nje ya msimu wa umati. Mahali penye uhaba wa maji, oga kama mwenyeji anavyooga.

Hoja ya fedha ina pande mbili, na haifai kufichwa. Kuna hifadhi na vijiji ambavyo mishahara ya walinzi na ada za shule hutegemea wageni wa mbali. Wageni walipokosekana mwaka 2020, waliumia. Lakini katika safari nyingi za mbali, sehemu kubwa ya fedha haifiki kijijini: inabaki kwa shirika la ndege, kwa wakala, kwa kampuni inayomiliki hoteli na kwa vyakula vilivyoagizwa kutoka nje. Na wageni wa nje walipozuiwa, wageni wa ndani ndio waliorudi kwanza mipaka ikiwa bado imefungwa. Ukiwa karibu una nafasi ya kuifikisha fedha mkononi: piga simu kwa mwenye nyumba moja kwa moja, kwa kuwa tovuti za kuhifadhi vyumba mara nyingi hukata kamisheni ya karibu asilimia 15. Lipa mwongozaji wa pale pale, na kula kwa mama lishe wa kijiji badala ya kubeba chakula chote kutoka mjini.

Na ikiwa moyo umeng'ang'ania mahali pa mbali, hesabu ya siku ndiyo ya kufanya. Zile kilo 1,800 ukizigawa kwa siku 7 ni kilo 257 kwa siku. Ukizigawa kwa siku 28 ni 64. Safari moja ndefu baada ya miaka kadhaa ni nafuu kuliko safari nne za wiki mojamoja, hata kama jumla ya siku ni ileile, kwa sababu unapaa mara moja badala ya nne. Kaa daraja la kawaida. Kiti cha daraja la biashara kwenye safari ndefu huhesabiwa karibu mara tatu kwa kuwa kinachukua nafasi ya viti kadhaa. Chagua ndege isiyounganisha. Miaka ya katikati, pumzika ndani ya duara lako, na siku za likizo ambazo hukuzitumia mwombe mwajiri azibebe hadi mwaka wa safari, mapema, kabla ratiba ya ofisi haijapangwa.